Sikio la Ndani: Mambo Aliyoyaona Corti, na Mambo Unayopaswa Kuyalinda



Siku moja ya kupima kilo, mama mmoja alileta mtoto wake wa miaka 2. Kilo zake zilikuwa nzuri, tumbo nzuri, macho mazuri. Mama akasema: «Mama, huyu mutoto ni kichwa nguvu. Ninamuita, haitike. Baba yake anamupiga, lakini hata fimbo haimufundishe.»

Nikamwuliza, «Anasema maneno gani?» Akajibu, «Hakuna. Lakini hata mukubwa wake alikawia kusema.»

Wakati ule nilikuwa muuguzi kijana. Mstari wa wamama ulikuwa mrefu na jua lilikuwa kali. Nikamwambia neno ambalo mpaka leo linaniuma: «Wavulana wanakawia. Atasema tu.»

Alirudi mwaka mmoja na nusu nyuma ya hapo. Siku ile mwenzangu alichukua sahani ya chuma, akasimama nyuma ya mtoto, akaipiga kwa kijiko. Watoto wote chumbani wakageuka, wengine wakalia. Yeye aliendelea kuchezea kiatu chake. Hakuwa na kichwa nguvu. Alikuwa hasikii. Tulipouliza vizuri, mama akatueleza kwamba akiwa na miezi 7 alilazwa sababu ya meninjiti, ndiyo homa ya uti wa mgongo. Alipona, watu wote wakashukuru, na hakuna mtu aliyefikiri kumpima masikio.

Sasa ninafundisha wanafunzi wauguzi, na kila mwaka somo la sikio ninalianza na mtoto yule. Leo nataka kulifundisha kwenu, wamama wa Likasi na wa pande za Shinkolobwe. Si somo gumu. Kama unaweza kufahamu namna ya kupika bukari, unaweza kufahamu sikio.

VYUMBA VITATU

Jina la Shinkolobwe lilijulikana duniani kote sababu ya jiwe. Urani iliyochimbwa hapo ilitumiwa na Wamarekani kwa kazi ya kutengeneza bomu za atomu za mwaka 1945. Lakini kuna jiwe lingine, na hilo kila mmoja wetu analo kichwani. Mfupa ule ulio ndani, kwa upande wa sikio, waganga wa zamani waliuita mfupa wa jiwe, maana ni kati ya mifupa migumu kabisa ya mwili wote. Mungu hakuweka mfupa mgumu namna hii bure. Kuna kitu cha thamani ndani yake.

Sikio lina vyumba vitatu. Cha kwanza ni kile unachokiona: sikio la nje na tundu lake. Mwisho wa tundu kuna ngozi nyembamba iliyokazwa kama ngozi ya ngoma, nasi tunaiita ngoma ya sikio.

Chumba cha pili kiko nyuma ya ngoma hiyo. Ndani yake kuna hewa na vifupa vitatu vidogo sana vilivyoshikana. Cha mwisho ndicho mfupa mdogo kuliko yote ya mwili: urefu wake ni karibu milimeta 3. Chumba hiki kina mlango wa siri. Kuna bomba dogo linalotoka hapo mpaka nyuma ya pua na koo. Mganga mmoja wa Italia, Bartolomeo Eustachi, ndiye aliyeandika vizuri habari za bomba hilo katika miaka ya 1560, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Kwa mtu mkubwa bomba hili linateremka. Kwa mtoto mchanga ni fupi, tena limelala karibu sawasawa. Ndiyo sababu mafua ya mtoto yanapanda mbio mpaka sikioni, na ndiyo sababu tunakuambia usimpe mtoto chupa akiwa amelala chali. Mpe ziwa lako, na kichwa chake kiwe juu kidogo.

Usaha unaotoka sikioni unatoka mara nyingi katika chumba hiki cha pili. Mama mmoja ataniuliza: «Nitie mafuta ya mawese? Nitie maziwa yangu? Nitie maji ya majani?» Hapana. Usitie kitu. Chukua kitambaa safi kinachonywa maji, ukisokote kama utambi wa taa, ukiweke taratibu sikioni, ukingoje kilowe, ukitoe, uweke kingine kikavu. Fanya hivyo mpaka sikio likauke. Mara tatu kila siku. Usitumie kijiti wala sindano ya nywele. Na umlete mtoto kituoni, sababu kuna dawa ya kunywa na kuna dawa ya matone, na mganga ndiye anayejua ipi inafaa sikio lile. Usaha ukiachwa miezi na miezi unakula ngoma, unakula vifupa, na unaweza kupita mpaka kwenye ubongo.

Chumba cha tatu ndicho kile cha ndani ya mfupa wa jiwe. Hakina hewa, kimejaa maji. Mganga Domenico Cotugno wa mji wa Napoli ndiye aliyeonyesha jambo hilo la maji, karibu miaka 90 mbele ya mtu ninayetaka kuwaambia habari zake sasa.

MTU ALIYEFUNGUA MFUPA WA JIWE

Jina lake Alfonso Corti. Alizaliwa mwaka 1822 kule Gambarana, upande wa kaskazini wa Italia, katika jamaa ya watu wakubwa wenye mashamba. Alianza masomo ya uganga karibu na kwao, mji wa Pavia, kisha mwaka 1845 akaenda Vienna, ingawa jamaa yake haikupenda. Akapata diploma yake mwaka 1847. Kazi aliyoiandika kwa diploma hiyo ilihusu mishipa ya damu ya kenge. Ndiyo, kenge! Wanafunzi wangu wanacheka nikifika hapo. Lakini mtu aliyezoea kufuata mshipa mdogo ndani ya kenge, mkono wake ulikuwa tayari kwa kazi nyingine nyembamba zaidi.

Mwaka 1848 vita ya ndani ilianza Vienna, naye akaondoka. Alizunguka miji mingi, akafika Würzburg, Ujerumani, kwa mwalimu Albert Kölliker, aliyekuwa na mikroskopi nzuri. Alikwenda pia Utrecht, Uholanzi, ambako alijifunza namna ya kutunza nyama laini za mwili zisioze kabla ya kuzitazama.

Chumba cha tatu kimejizungusha kama nyumba ya konokono, mara mbili na nusu hivi. Konokono hiyo nzima haipiti ukubwa wa punje ya haragi. Ukiifungua kwa nguvu, ndani yote inaharibika, sababu kilicho ndani ni laini kama ute. Ukikawia, imeoza. Watu wengi mbele ya Corti waliona ile nyumba ya konokono, lakini mwenyewe aliye ndani hawakumwona.

Corti alifungua konokono za masikio karibu 200, za watu waliokufa na za wanyama mbalimbali. Mia mbili, mama! Fikiri kuvunja jiwe dogo kama haragi bila kugusa ute ulio ndani, kisha kuanza tena. Halafu alitia rangi. Wewe umeona kule laboratwari wanavyochukua tone la damu yako na kulitia rangi ili malaria ionekane chini ya mikroskopi. Siku zile watu hawakuwa na desturi hiyo bado. Corti alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kabisa kufanya hivi: alitumia rangi nyekundu inayotoka katika wadudu wadogo waliokaushwa na kusagwa. Vitu vilivyokuwa kama maji matupu vikaonekana.

Mwaka 1851, akiwa na miaka 29, aliandika kwa Kifaransa yale aliyoyaona. Katika konokono nzima, tangu mlangoni mpaka ncha yake, kuna utepe mwembamba. Ukiunyosha, urefu wake ni karibu sentimeta 3 na nusu. Juu ya utepe huo zimepangwa chembe ndogo ndogo kwa mistari, kama mahindi kwenye gunzi, na juu ya kila chembe kuna vinywele. Kölliker akakiita kiungo hicho kwa jina la Corti, na jina hilo limekaa mpaka leo katika vitabu vyote vya uganga.

Kazi yake ya sikio ilikuwa moja tu. Mwaka ule ule 1851 alirithi cheo cha baba yake, akaacha kazi ya mikroskopi. Alioa mwaka 1855. Mke wake alikufa mwaka 1861, akamwachia watoto wadogo. Tena ugonjwa wa viungo ulimpindisha mwili miaka mingi, mpaka kifo chake mwaka 1876. Mimi nikisoma habari hizo ninafikiri juu ya mikono ile iliyofungua masikio 200.

VINYWELE VINAFANYA KAZI GANI

Corti aliona vinywele, lakini hakujua bado kazi ya kila kitu alichokiona. Wengine waliendelea nyuma yake. Georg von Békésy, mtu wa Hungaria, alionyesha namna mawimbi yanavyotembea juu ya ule utepe, na mwaka 1961 alipewa zawadi ya Nobel sababu ya kazi hiyo.

Mambo ni hivi. Unamwita mtoto: «Kuya!» Sauti yako inapiga ngoma ya sikio. Ngoma inatikisa vifupa vitatu. Kifupa cha mwisho kinasukuma maji ya konokono, kama vile ukigonga beseni na maji yakatetemeka. Maji yanatikisa utepe, vinywele vinainama, na kila chembe iliyoinamishwa vinywele vyake inapeleka habari kwa mshipa wa kusikia, mpaka ubongoni. Ndipo mtoto anajua: mama ananiita.

Vinywele vya karibu na mlango vinasikia sauti nyembamba. Vile vya mwisho kabisa vinasikia sauti nene. Shika neno hili vizuri. Vya mlangoni ndivyo vinavyoharibika kwanza mara nyingi. Kwa hiyo mtoto anaweza kusikia ngoma na mlango unaogongwa, lakini «sasa» na «tata» kwake ni neno moja. Watu wanasema, «Anasikia akitaka.» Si kweli. Anasikia nusu.

Chembe hizi ni ngapi? Katika kila sikio kuna mstari wa ndani wenye karibu 3,500, na mistari ya nje yenye karibu 12,000 kwa jumla. Ukilinganisha na nywele za kichwa chako ni kidogo sana. Na zinatengenezwa wakati mtoto yuko tumboni. Kutoka mwezi wa 6 ao wa 7 wa mimba mtoto anaanza kusikia, na akizaliwa anaijua tayari sauti ya mama yake.

Sasa kuna jambo la kushangaza. Kuku akiharibiwa vinywele vyake vya sikio, vinaota vingine. Waganga waligundua hivyo katika miaka ya 1980. Ile kuku yako ya nyuma ya nyumba! Mtu hapana. Chembe ikikufa, imekufa. Hakuna dawa ya kunywa, hakuna mafuta, hakuna majani yanayoiotesha tena. Mtu akikuuzia dawa ya kufungua masikio yaliyoziba tangu meninjiti, anakula franka zako bure.

MAMBO YANAYOUA VINYWELE

Meninjiti ninaitaja kwanza, na unajua sababu. Ugonjwa unaweza kuingia konokono, na nyuma yake konokono inaweza kugeuka mfupa mtupu. Mtoto wako akitoka hospitali sababu ya meninjiti, usiondoke kabla ya kuuliza: «Masikio yake yamepimwa?» Uliza hata kama wote wana haraka. Uliza hasa kama wana haraka.

Surua na machubwichubwi yanaharibu pia, na ile rubela inayomshika mama akiwa na mimba changa. Manjano makali ya mtoto mchanga nayo. Macho na ngozi ya mtoto vikigeuka manjano siku za kwanza, usimweke tu kwenye jua nyumbani, mlete. Na chanjo usiziache: zile za juma la 6, la 10 na la 14 zinakinga aina fulani za meninjiti, na ile ya miezi 9 inakinga surua.

Halafu dawa. Hapa ninasema kwa uangalifu, sababu sitaki mama akatae dawa inayomwokoa mtoto. Streptomisini iliponya watu wengi wa kifua kikuu, lakini iliwaacha wengine bila kusikia ao wakitembea kama walevi, maana sehemu ya kulinda usawa wa mwili iko katika mfupa ule ule wa jiwe. Kanamisini vilevile. Jentamisini tunaitumia mpaka leo kwa watoto wachanga wenye ugonjwa mkali wa damu, na inaokoa. Lakini inapimwa kwa kilo za mtoto na kwa siku zilizohesabiwa. Hatari iko kwa mtu anayenunua chupa sokoni na kumwita jirani achome sindano. Jirani hana mizani. Kinini unaijua mwenyewe: ukiinywa, masikio yanalia nziii. Kule kulia ni sikio la ndani linalalamika. Mara nyingi kunapita dawa ikiisha, lakini mtoto mdogo hawezi kukuambia kwamba umezidisha.

Tena kelele. Waume zetu na vijana wetu wanapiga mawe kutwa, wengine wako karibu na baruti, wengine na mashine za kusaga mawe. Kelele ya desibeli 85, saa 8 kila siku, inatosha kuanza kuua vinywele. Huna mashine ya kupima? Kuna kipimo cha bure: kama mtu yuko karibu, umbali wa mkono, nawe lazima upaze sauti ili akusikie, kelele hiyo ni mbaya. Mume akirudi jioni masikio yanalia na anataka radio iwe juu sana, mwambie mambo ya konokono. Avae viziba masikio kama anaweza kuvipata.

Na wewe mwenyewe, mama, ukienda kwenye ndoa na mtoto mgongoni, usisimame karibu na bafle. Hata kanisani siku hizi mabafle ni makubwa kama kabati! Kaa nyuma. Mtoto hawezi kujiziba masikio wala kusema, «Mama, tutoke.»

PIMA NYUMBANI

Usipige makofi mbele ya uso wake. Ataona mkono, ao atasikia upepo. Simama nyuma, kivuli chako kisimfikie. Kwa mtoto mchanga piga mikono mara moja: atashtuka ao atafumba macho. Kwa mtoto wa miezi 6, gonga kikombe kwa kijiko taratibu, ao kunja karatasi: atatafuta kwa macho. Wa mwaka mmoja anajua jina lake na anaanza kusema neno moja moja. Wa miaka 2 anaunga maneno mawili: «mama kuya», «lete mayi». Ita pia kwa kunong’ona, sababu ya zile sauti nyembamba. Kama hageuki, rudia siku nyingine akiwa ameshiba na hana mafua. Kama bado hageuki, mlete. Usingoje afikishe miaka 3. Ubongo unajifunza lugha katika miaka ile ya kwanza, na kila mwezi ni mali.

KAMA HASIKII

Kuna mashine za sikio zinazoongeza sauti, zinasaidia wale ambao bado wana vinywele vingine. Mwaka 1957, mjini Paris, André Djourno na Charles Eyriès walijaribu kuweka uzi wa umeme ndani ya sikio la mtu asiyesikia kabisa, uamshe mshipa wenyewe. Kutoka hapo ikazaliwa mashine ya kuwekwa kwa operesheni. Ni ya bei kubwa sana, na wachache wa kwetu wanaifikia.

Lakini lugha ya ishara haina bei. Andrew Foster, Mmarekani mweusi, alikuwa na miaka 11 meninjiti ilipoua masikio yake, mwaka 1936. Alisoma mpaka chuo kikuu. Kisha akaja Afrika, akaanza na Ghana mwaka 1957, akasimamisha shule 31 za viziwi katika nchi 13, na Kongo ni moja yao. Alikufa mwaka 1987 ndege ilipoanguka Rwanda. Mtoto asiyesikia si mjinga wala hakurogwa. Ubongo wake ni mzima, unangoja lugha ipite kwa macho.

Mtoto yule wa kiatu alipelekwa shule ya viziwi akiwa na miaka 6. Alichelewa, lakini alisoma. Mama yake alijifunza ishara kwake, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa mkalimani wake hapa hospitalini. Nyuma ya hapo alizaa msichana. Siku ya kwanza ya kilo, mbele sijashika mizani, akaniambia, «Mama, piga kwanza ile sahani.»

Nikapita nyuma, nikaipiga. Mtoto akageuka, akalia.